Roboti Ikikwama Chini ya Kochi, Kosa ni la Nani?

Naomba nafasi kidogo katika jarida letu la mwaka huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, hata la kuchekesha, lakini mimi naliona kubwa. Nataka kuzungumza juu ya ile mashine ya kufagia inayojiendesha yenyewe, ambayo wengi huiita roboti, na ule ugonjwa wake wa kukwama kwenye makochi, viti na meza.

Huenda wewe hujaiona. Basi nikueleze. Ni duara kama sinia ya pilau, upana wake kama sentimita 35, kimo chake sentimita 9 au 10 hivi. Ina magurudumu mawili makubwa tumboni, kigurudumu kimoja kidogo mbele, na brashi inayozunguka. Hutambaa sakafuni kama kobe huku ikivuta vumbi, na betri ikikaribia kuisha hurudi yenyewe ukutani kujichaji. Katika mitaa fulani ya Nairobi na miji mingine mikubwa imeshaingia majumbani. Wenye nazo husifu siku ya kwanza. Siku ya tatu utawasikia wakilalamika, "Haka kamashine kamekwama tena!"

Hapo ndipo lawama zinapoanza. Mwenye nyumba huilaumu mashine, mwuzaji humlaumu mwenye nyumba, na watoto humlaumu mfanyakazi eti ndiye aliyesogeza kiti. Je, kosa hasa ni la nani?

Maoni yangu ni haya, na nayasema mapema ili usinitafute katikati ya makala. Roboti hukwama kwa sababu tumeileta katika nyumba isiyopimwa. Na mtu anayeijua nyumba kwa vipimo ni yule anayeifagia kila siku. Kwa hivyo, anayenunua mashine hii kisha akamfuta kazi mfagiaji wake amejitia hasara mara mbili. Wahenga walituonya zamani: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwanza tuitendee haki mashine yenyewe. Mashine hizi hazikuanza jana. Mwaka 1996 kampuni ya Electrolux ya Uswidi ilionyesha mfano wake katika televisheni ya BBC, na mwaka 2001 ikaanza kuiuza kwa jina la Trilobite. Mwaka 2002 kampuni ya Marekani iitwayo iRobot ikatoa yake, Roomba, iliyokuwa ya bei nafuu zaidi, nayo ikaenea upesi. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1990 na Rodney Brooks, Colin Angle na Helen Greiner, watu waliotoka katika chuo cha MIT kule Massachusetts. Brooks alikuwa na wazo lililowashangaza wenzake. Alisema roboti haihitaji kuwaza kama mwanadamu; na imwige mdudu. Hebu mfikirie mende. Mende hana ramani ya jikoni, lakini hakuna pembe ya jikoni asiyoifika. Huenda, hugonga, hugeuka, huenda tena. Roomba za kwanza zilifanya vivyo hivyo. Baadaye zikaja mashine zenye leza na kamera, zinazochora ramani ya nyumba na kukumbuka zilipopita.

Sasa msomaji atauliza: ikiwa zina leza na kamera, mbona zinashindwa na kochi? Swali zuri. Mnamo Mei 1997, jijini New York, kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Watu walidhani kwamba baada ya hapo hakuna kitakachoishinda mashine. Kumbe! Mtaalamu wa roboti, Hans Moravec, alikuwa ameshaeleza mwaka 1988 kwamba mambo yanayotutoa sisi jasho huweza kuwa mepesi kwa kompyuta, na yale ambayo mtoto wa mwaka mmoja huyafanya bila kufikiri, kama kuona na kutembea, ndiyo yanayoilemea. Mtoto akitambaa hadi chini ya meza huinamisha kichwa. Nani alimfundisha? Hakuna. Lakini kuinamisha kichwa huko ni elimu kubwa ambayo mashine haina.

Kwa hivyo tusiicheke. Tuitazame kama mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hata mgeni ukimpa jembe ni lazima umwonyeshe shamba na mipaka yake. Sisi tunampa jembe saa ile ile ya kufika, tena usiku, kisha tunashangaa amelima njia.

Hebu sasa tuangalie mitego yenyewe. Nimeihesabu mitano.

Mtego wa kwanza, na ulio mkubwa, ni kochi la kimo cha katikati. Kochi likiwa juu sana, roboti hupita na kutoka. Likiwa chini sana, roboti hugonga kwa ngao yake ya mbele na kugeuka. Taabu iko pale ambapo nafasi chini ya kochi inakaribia kulingana na kimo cha mashine. Ngao ile huhisi kinachogonga mbele, haihisi vizuri kinachobana juu. Basi roboti hujisukuma ndani kidogo kidogo, kitambaa cha chini ya kochi kinabonyea, halafu inabanwa kama mguu katika kiatu cha mdogo wako. Zile zenye kichwa cha leza juu ya mgongo ndizo hubanwa zaidi, maana kichwa hicho kimeinuka kuliko mwili.

Mtego wa pili ni viti vyenye chuma kinacholala sakafuni badala ya miguu minne, na stuli zenye sahani pana chini. Roboti hudhani ni kizingiti kidogo tu, hupanda, kisha tumbo linabaki juu ya chuma na magurudumu yanazunguka hewani. Imepanda mti isioweza kushuka.

Mtego wa tatu ni viti vya mezani. Vikipangwa vinne au sita, miguu yake huwa msitu. Mashine ya upana wa sentimita 35 huingia penye upenyo wa sentimita 37, halafu kutoka inazunguka humo mpaka betri inakata roho.

Mtego wa nne ni vitu vinavyoning'inia au kulala chini: waya za televisheni, ekstensheni, chaja za simu, matamvua ya zulia na mapazia marefu. Brashi ikivikamata huvizungusha kama anayesokota kamba.

Mtego wa tano huwachanganya wengi. Tumboni mwa roboti kuna vihisi vinavyotazama chini ili isianguke kwenye ngazi. Hutuma miali ya infraredi sakafuni na kungoja irudi. Isiporudi, mashine hudhani hapo kuna shimo. Sasa zulia jeusi hula miali hiyo, haliirudishi. Mashine ikifika hapo husimama ikitetemeka kama mtu aliyefika ukingoni mwa genge, na wewe unaona zulia tu.

Baada ya kuijua mitego, dawa zake ni nyepesi, wala hazihitaji pesa nyingi. Chukua futi ya fundi seremala, ile inayokunjuka. Pima kimo cha mashine mahali palipo juu kabisa. Halafu pima chini ya kila kochi, kabati na kitanda. Pakizidi kimo cha mashine kwa sentimita 2 au zaidi, acha. Pasipozidi hivyo, una njia mbili tu: inua au ziba. Kuinua ni kuweka vipande vya mbao imara chini ya miguu ya kochi, vya kimo kimoja, ili kochi lisiyumbe. Kuziba ni kupigilia ubao mwembamba mbele ya kochi ili roboti igonge na kugeuka. Usiache katikati. Katikati ndiko iliko taabu.

Viti vya mezani vigeuzwe, viketi juu ya meza, kama tunavyofanya sisi darasani siku ya kusafisha. Waya zifungwe pamoja na kuinuliwa. Matamvua yakunjwe chini ya zulia. Pazia lifungwe fundo. Kiti chenye chuma cha kulala kisogezwe mpaka chumba kingine. Kama mashine yako ina programu ya simu inayoonyesha ramani, weka alama ya marufuku pale panapoisumbua, nayo haitapakanyaga. Nyingine huja na ukanda wa sumaku au kifaa cha kutoa miali kinachofanya kazi ya ukuta. Vihisi vipanguswe kwa kitambaa kikavu, na nywele zitolewe kwenye magurudumu. Tena, siku ya kwanza usiiache peke yake. Keti, iangalie ikifanya kazi nyumba nzima, na uandike kila mahali ilipokwama. Karatasi hiyo moja itakufaa kuliko kitabu chote cha maelezo.

Na kwa nyumba zetu za Kenya kuna jambo jingine jema ambalo wenzetu wa ng'ambo hawalipati kwa urahisi. Makochi mengi hapa hatuyachukui dukani yakiwa tayari. Tunakwenda kwa fundi, awe wa Gikomba, wa barabara ya Ngong au wa kule kituo cha matatu karibu na nyumbani, na tunamwambia tunavyotaka. Tunachagua kitambaa, tunachagua rangi, tunabishana bei mpaka jua linazama, lakini kimo cha miguu hatukiulizi! Mwambie fundi wako: "Nitengenezee miguu ya sentimita 13." Hiyo ni mbao kidogo tu zaidi. Mashine yenyewe imetengenezwa mbali na watu wasioijua sebule yako. Fundi wako yuko hapa, anasikia lugha yako. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sasa nifike kwenye kiini cha makala haya. Wakati wa likizo nilikaa kwa shangazi yangu jijini Nairobi. Alikuwa amenunua mashine ya aina hii, na alikuwa amemwambia mfanyakazi wake wa nyumbani, ambaye sisi sote humwita Dada, kwamba mwisho wa mwaka wataagana. "Sina ubaya naye," shangazi alinieleza, "lakini siwezi kulipa mashine na mtu." Hesabu yake niliielewa. Maisha ya mjini ni ghali, na shangazi si tajiri.

Wiki ile Dada alikwenda kwao kwa msiba siku nne. Katika siku hizo nne mashine ilikwama kila siku, na mara mbili ilikuwa chini ya kochi lile lile. Jioni shangazi alirudi kazini akiwa hoi, akapiga magoti akiitafuta kwa tochi ya simu. Nyumba ilikuwa na makombo ya mandazi. Kumbe siku zote, kabla ya kuiwasha, Dada alikuwa akisogeza stuli, akigeuza viti, akiinua waya na kukunja zulia, wala hakuna aliyemwona akifanya hivyo. Sisi tulikuwa tukimwona roboti.

Aliporudi nilimwuliza, "Dada, kwa nini haikwami ukiwa hapa?"

Alicheka. "Kwani wewe hujui? Kochi hili limelegea springi upande wa dirishani. Limeshuka. Huko ndiko inakobanwa. Nikiwa na vipande viwili vya mbao nitaimaliza hiyo shida leo leo."

Tulikwenda naye kwa fundi wa karibu, tukapewa masalio ya mbao bure. Alipima kwa shubiri, mimi nikapima kwa futi, na shubiri yake haikukosea kwa kitu cha maana. Tangu alasiri ile kochi hilo halijaibana mashine tena.

Hadi ninapoandika haya, shangazi hajaamua. Nami, kwa heshima zote za mtoto kwa mkubwa wake, nataka kumwambia hadharani nilichomwambia faraghani: mashine haikufanya kazi ya Dada. Imefanya nusu ya kazi, na nusu nyingine ameifanya Dada bila kuhesabiwa. Ukimwondoa yeye, nusu hiyo itakuwa yako jioni, ukiwa umechoka.

Nawasikia wapinzani wangu wakisema, "Wee mwanafunzi, unapinga maendeleo." La hasha! Siipingi mashine hata kidogo. Mwenye pumu anafaidika vumbi likivutwa mara kwa mara. Mzee asiyeweza kuinama anafaidika. Hata Dada mwenyewe alinieleza kwamba mgongo wake umepumzika tangu mashine ije, kwa kuwa sasa hafagii chini ya vitanda kwa kupiga magoti. Mashine na ije. Swali langu ni kuhusu anayeitayarishia njia.

Wapinzani wengine watasema, "Ngoja tu, wahandisi watamaliza shida hiyo." Ni kweli wanajitahidi. Mwaka 2021 iRobot ilitoa mashine yenye kamera inayotambua waya na kuzikwepa. Januari 2025, kule Las Vegas, kampuni ya Roborock ya Uchina ilionyesha roboti ya kufagia yenye mkono, nao unaokota soksi na vitu vingine vyepesi. Nawapongeza. Lakini mkono wa kuokota soksi hauinui kochi. Wala hakuna kamera itakayojua kwamba springi ya upande wa dirishani imelegea tangu wajukuu walipokuja kuruka juu yake. Hayo hujulikana na aliyekuwapo.

Tena kuna upande wa sheria, ambao sisi wanafunzi tunapaswa kuujua kabla hatujawa waajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema kwamba mtu akiachishwa kazi kwa kuwa kazi yake haihitajiki tena, ni lazima apewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, afisa wa leba aarifiwe, na alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi pia. Aliyefanya kazi miaka sita ana haki ya mshahara wa siku 90 zaidi ya haki zake nyingine. Je, ni wangapi wanaozijua hesabu hizi wanapopigia bei ya mashine dukani? Na ni wafanyakazi wangapi wanaoondoka na mfuko wa nguo na nauli ya matatu tu?

Mimi napendekeza mambo matatu. Kwanza, anayetaka kununua mashine hii aanze kwa futi, si kwa pesa. Pima nyumba, pima makochi, ndipo uende dukani ukijua kimo unachokitaka. Pili, kabla ya kuinunua, keti na yule anayefagia umwulize ni wapi panapokusanya vumbi, ni kiti kipi hakiinuki, ni zulia lipi hukunjika. Majibu yake hayamo katika kitabu cha maelezo. Tatu, ikiwa mashine imepunguza saa zake za kufagia, saa hizo zisigeuzwe kuwa barua ya kumfukuza. Ziwe saa za mapumziko, au za kujifunza kazi nyingine, au kama ni lazima ziwe saa chache za kazi kwa mapatano ya haki. Muungwana ni vitendo.

Kwetu sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili, jambo hili halituhusu kwa mbali. Kila asubuhi tunashika mafagio. Ni nani kati yetu asiyejua kitanda ambacho mguu wake umepinda, au dawati ambalo ukilisukuma linakwaruza sakafu? Ujuzi huo hauandikwi katika ripoti ya mwisho wa muhula na hauna alama, lakini ni ujuzi. Siku mashine itakapoletwa bwenini, tutakaowaeleza wakubwa pa kuipitisha ni sisi tulioshika fagio.

Basi, ndugu msomaji, likizo ijayo ukifika nyumbani, omba futi kwa fundi, piga magoti, upime chini ya kochi lenu. Kama hamna roboti, hasara iko wapi? Utapata angalau kalamu yako iliyopotea. Na kama mnayo, mwite anayefagia apime nawe, maana penye mwenyeji mgeni hapotei. Akikwambia, "Hapa patabana," mwamini.